Mbegu ya kabichi Copenhagen Market: nafuu, inawahi, haimngoji dalali

Kama unalima kabichi ya nyumbani au ya kuuza gengeni, nunua hii. Kama unalimia lori la dalali, tafuta chotara.

Ni aina ya zamani, asili yake Denmark, na kwa kuwa si chotara pakiti yake huwa na bei nafuu kuliko za chotara, zenye alama ya F1. Hukomaa siku 65 hadi 75 baada ya kupandikizwa, kwenye baridi kali hukawia zaidi, na kichwa huwa cha mviringo, kilo 1.5 hadi 2.5. Gramu moja ina mbegu kama 300. Kwa nafasi ya sm 60 kwa 45 ekari hubeba miche 15,000 hivi, kwa hiyo chukua gramu 80 hadi 100 upate na ya kuzibia mapengo.

Kasoro yake kubwa ni kupasuka. Kichwa kikishajaa, mvua ikanyesha baada ya kiangazi, mizizi hufyonza maji kwa mkupuo; majani ya ndani yanasukuma na ya nje hayatanuki tena. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiwa kigumu, kata. Mnunuzi akichelewa, shika kichwa ukizungushe nusu mzunguko mpaka usikie mizizi midogo ikikatika. Kitatulia siku kadhaa. Mbolea ya CAN ya mwisho iwe kabichi inapoanza kufunga, si baada ya hapo.

Kwa ugonjwa wa kuoza kweusi ni dhaifu. Dalili ni pembe ya njano yenye umbo la V pembezoni mwa jani, ncha ikielekea mshipa mkuu, na mishipa midogo ikiwa myeusi. Bakteria wake husafiri na mbegu. Mbegu isiyopakwa dawa iloweke kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kipimajoto na si kwa kukisia, kisha ipoze na kuianika kivulini. Iliyopakwa rangi, yaani yenye dawa tayari, iache ilivyo.

Wengi huvutiwa na wazo la kuvuna mbegu zao wenyewe. Si rahisi: kabichi haitoi maua mpaka ipate baridi ya wiki kadhaa chini ya nyuzi 10, na ikichanua karibu na sukuma wiki iliyochanua, zitachavushana.