Alkoli ya mafundi wa telefoni kwa kung'oa servo zilizoganda na kole (uzoefu wangu, L'shi)

Bandugu, wale tunaorusha ndeke za rimoti huku Lubumbashi tunaijua ile hasira, servo ya bawa (kamota kadogo kanakosogeza kipande cha bawa) imekatika meno na yule aliyekuuzia ndeke aliimwagia kole ya moto (gundi ya plastiki inayoyeyushwa) kila upande kama mtu anaziba tundu la panya. Planeri yangu (ndeke ya kuelea hewani) ni ya mita 2, bawa la povu la EPO (ndugu ya frigoliti, lile povu jeupe la kupakia vyombo, ila hii inanepa kidogo), servo ni zile ndogo za gramu 9.

Servo ya kwanza niliingia na turnevisi (bisibisi). Ikatoka, lakini ilitoka na kipande cha bawa kama kiberiti kizima, nikakaa chini nikakiangalia tu.

Ya pili nikaenda Kenya (komini yetu, si nchi) kwa kijana anayetengeneza telefoni, akaniuzia kachupa ka alkoli ya isopropili 99%, faranga 5000 za Kongo. "Papa, usivute kwanza, acha ikunywe." Na ni vile. Unatonesha na sirinji pembeni ya kole, unangoja dakika 5, unaongeza tena, kole yenyewe haiyeyuki ila alkoli inapenya kati yake na bawa, mara unaona ukingo unafunuka kama gamba la kidonda kikavu, unausindikiza na mpini wa kijiko cha plastiki. Dakika 20 imetoka, bawa halina hata mkwaruzo. Kabla ya kuvuta waya nikafunga uzi wa kushonea kwenye ile fishi yake (plagi), ukabaki ndani ya bawa kunivutia waya mpya. Bawa la kwanza nilisahau, nikavua gizani jioni nzima na waya wa baiskeli!!

Sasa ubaya. Inashika moto, mama watoto alikuwa na mbabula (jiko la makaa) pale karibu akanifukuza hadi nyuma ya nyumba, na alikuwa na haki. Kole ya mirija miwili (epoksi, ile ya kuchanganya) alkoli haiigusi hata kidogo, rafiki yangu alimaliza kachupa bure. Na msijaribu dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile ya asetoni, frigoliti nyeupe inayeyuka mbele ya macho yako.

Servo mpya nimeivika skochi kwanza, ndio nikaipiga kole, matone manne tu.

Nyota 4. Ya tano nimeikata sababu kifuniko kinavuja, nusu ya alkoli iliishia mfukoni mwa suruali yangu ndani ya taksi.