Kwenye damu mtoto, kwenye fomu mkubwa: rivyu ya siku 23 za ICU (nyota 3 kati ya 5)

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda asome aende zake. Upasuaji 5. Manesi wa ICU 5. Ustawi wa jamii 5, na ingekuepo ya sita ningewapa. Dirisha la malipo 2. Namna wanavyoongea na ndugu wa mgonjwa pale ndugu mwenyewe anapokua mwanafunzi wa sekondari, 1, na hiyo moja ni ya heshima tu. Jina la hospitali siweki, ni kubwa, ipo Dar, na baba bado ana kliniki pale kila mwezi kwaiyo mnielewe.

Ilikua Jumamosi moja ya Oktoba 2024. Mi fomu foo, mtihani wa taifa mwezi unaofuata, mdogo wangu fomu tuu ana miaka 14. Mama yupo Muscat kazi za ndani, simu anaishika Ijumaa tu, siku zingine inakaa kwa bosi wake. Baba ni bodaboda, kijiwe chake Mbezi Luis karibu na stendi. Saa mbili usiku lori la mchanga likamvaa Morogoro Road, helmeti alikua kaivaa ila mkanda hakufunga, watu wanasema helmeti ilitua chini kabla yake. Wenzie wa kijiweni ndo walimpakia kwenye kirikuu wakakimbia nae, na ndo walionipigia kwa simu yake, yani jina limeandika Baba alafu sauti sio ya baba. Nikajua palepale.

Sasa mapokezi ya dharura kiukweli siwezi kuwasema vibaya. Hawakuuliza hela kwanza, hawakung'ang'ania PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) kwanza, mwenyekiti wa kijiwe akaenda polisi kuifata huku baba tayari yuko ndani wanamkata shati. Siti skani ilifanyika haraka kuliko nilivyotegemea. Mi na mdogo wangu tumekaa kwenye benchi, kandambili zake zimechanganyika, moja yake moja ya jirani, ndo ivo tulivyotoka nyumbani.

Akatoka dokta mmoja kijana ana faili, akauliza, "Nani mkubwa hapa?"

Wale bodaboda walikua kama nane, watu wazima na ndevu zao, wote wakageuka kuniangalia mimi. Mana wao sio ndugu. Nikasema ni mimi. Akaongea kama anasoma taarifa ya habari, sijui GCS saba, ekstradyuro upande wa kushoto, ubongo umesukumwa, anaingia kranio, saini hapa. Katika yote hayo nilichoelewa ni saini hapa. Nikasaini. Mwandiko wenyewe ule wa kusaini daftari la tuisheni.

Tukadhani ndo wanaenda nae. Wapi. Mtu wa kupanga mafaili akaangalia fomu, akaniangalia usoni, "We binti una miaka mingapi?" Nikasema 17. Akasema fomu haifai tafuteni mtu mzima. Nikamwambia hayupo. Akasema mtafuteni. Hapo baba yuko kwenye machela anapumua kama anakoroma, na mi nazunguka kwenye koridoo na simu yenye chaji asilimia 12, nimempigia mama mara tisa haipatikani, nimempigia baba mdogo yuko Tabora anauliza sasa mi nasaini vipi kwa simu mwanangu, mwenyekiti wa kijiwe akajitolea kusaini wakamwambia sio ndugu. Ilipita saa nzima, naijua kwasababu nilikua naangalia saa ya ukutani kila dakika.

Mwisho akaja daktari bingwa wa zamu, mzee, kavaa zile nguo za kijani, akauliza mgonjwa wangu yuko wapi mbona chumba kipo tayari. Akaelezwa. Aisee alivyowaka! "Nani kawaambia tusubiri? Hii dharura, tunasaini madaktari wawili, mgonjwa aingie." Dakika tano baba akawa ndani.

Kumbe! Kumbe njia ilikuepo muda wote! Hilo ndo linalonikera mpaka leo na ndo lililokula nyota zangu. Baadae nikaelewa ile damu ilikua imevilia kati ya fuvu na utando wa ubongo, na damu ya namna ile ni mbio, ikitolewa mapema mtu anaweza kurudi vizuri, ikichelewa inaukandamiza ubongo na hali inabadilika. Sasa we unaachia saa nzima ipite kwa ajili ya umri wa mtoto ambae hukutakiwa hata kumpa kalamu? Kama saini yangu haifai usiniombe, na kama umeniomba basi nieleze kwanza ninachosaini.

Alafu bado. Usiku uleule wakataka watu watatu wa kuchangia damu ya kurudishia benki. Mi nikakunja mkono wa sweta, nesi wa damu akaniuliza umri, akacheka kidogo kwa huruma, "Hapana mwanangu, kuanzia 18 mpaka 65, na kilo 50." Kwaiyo dirisha moja mimi ni mtoto siwezi kutoa damu ya baba yangu, mlango wa pili mimi ndo mkubwa nichague kama afunguliwe kichwa, mlango wa tatu nimekua mtoto tena. Kijiwe kiliokoa jahazi, walikuja kumi na moja asubuhi yake, mmoja akapimwa kilo 48 akabishana na mzani mpaka akatolewa nje, nadhani ndo siku pekee nilicheka wiki ile.

ICU yenyewe sasa. Usafi mzuri, manesi wawili wawili, na kulikua na sista mmoja wa zamu ya usiku ambae kama anasoma hapa anajijua. Yeye ndo wa kwanza kutueleza ile GCS ni nini kwa Kiswahili cha kueleweka: macho yana alama 4, kuongea 5, kujongeza mwili 6, jumla 15, baba alikuja na 7, na wakiona mtu kafika 8 kushuka chini mara nyingi wanamuwekea mrija wa kupumulia mana hawezi kulinda koo lake mwenyewe. Mdogo wangu akamuuliza, "Na aliyekufa anapata ngapi?" Sista hakumkemea. Akamwambia ya chini kabisa ni 3, hakuna sifuri. Tukawa kila asubuhi tunauliza alama kama tunaangalia matokeo ya mtihani. 7, 7, 8 (kwenye kuongea wanaandika T kwasababu ya mrija), siku moja ikashuka tukaenda kukaa chini ya mwembe hatujaongea mpaka jioni.

Ila mlangoni mlinzi akawa anamzuia mdogo wangu, watoto hawaingii ICU. Sawa, ni utaratibu, naelewa. Sasa mbona huyohuyo mtoto ndo mliyekua mnampa vichupa vya damu ya baba apeleke maabara ghorofa ya chini, arudi na karatasi? Kwa kubeba sampo ni mkubwa. Mnaona mchezo ulivyo.

Dirisha la malipo nipite haraka mana kila mtu anajua. Kila kitu na kontrol namba yake, dawa yake, vifaa vyake, kitanda chake, mtandao uko chini, rudi saa nane, risiti hii haisomi. Baba hana bima, bodaboda wengi hawana. Ushauri: piga picha kila risiti sekunde hiyohiyo, na PF3 toa kopi kama tatu, utaihitaji ukianza kufatilia bima ya hilo lori, sisi mpaka leo tunaifatilia.

Baba mdogo alifika siku ya pili, basi kutoka Tabora mpaka Dodoma kisha akadaka treni ya SGR mpaka Dar, kafika na kibegi na kuku wawili wa kukaanga. Nikashusha pumzi nikasema sasa mkubwa kaja. Sema na yeye alikua na hofu kutuzidi. Siku ya kumi madaktari wakasema wanataka kumtoboa koo wampitishie mrija pale, ule wa mdomoni umekaa sana. Baba mdogo kashika kalamu haisogei. Akatugeukia, "Mi sijaishi nae miaka nane, nyie ndo mnamjua, nisaini nisisaini?" Mdogo wangu akasema hapana. Akalia, akasema baba anaimba besi kwaya ya kanisani, mkimtoboa koo ataimbia wapi. Dokta (yule yule kijana) akasema, "Mtoto asiingilie maamuzi ya wakubwa." Mdogo wangu akatoka nje.

Yule sista akamfata. Akamuomba daftari, lilikua la hesabu, akachora koo nyuma ya ukurasa wa milinganyo. Hapa ndo kisanduku cha sauti, hapa chini yake ndo wanapotoboa, nyuzi za sauti haziguswi. Mrija wa mdomoni ndo unapita katikati ya nyuzi, ukikaa wiki mbili tatu ndo unazikwaruza, kwaiyo kutoboa ni kuisaidia hiyo besi. Mrija ukiwepo hataongea kwa sauti ya kawaida. Ukija kutolewa kidonda mara nyingi kinajifunga. Dakika kumi na penseli. Mdogo wangu akauliza je ikikataa kujifunga, akajibiwa inaweza kushonwa. Akarudi ndani akamwambia baba mdogo saini. Daftari analo mpaka leo, mwalimu kamwambia anunue jingine kagoma.

Huyohuyo sista ndo alitupeleka ustawi wa jamii, na jamani, kwanini hakuna anaekwambia siku ya kwanza kwamba kuna hii ofisi! Sisi tulidhani ustawi ni wa watoto waliotelekezwa. Mama mmoja mtu mzima, ana miwani ya kamba, akatukalisha kwenye viti, akatupa maji, akauliza nani anawapikia nyumbani. Swali la kwanza kabisa hilo, na mi ndo nikalia hapo, siku kumi sijalia. Akatuambia kwa sheria ya mtoto ya 2009 mtu chini ya miaka 18 ni mtoto kwaiyo ile kalamu ya usiku ule hawakutakiwa kunishikisha, ila sheria hiyohiyo inasema mtoto anaeweza kutoa maoni asikilizwe na ashiriki kwenye maamuzi yanayomgusa, kwaiyo na kumfukuza mdogo wangu kwenye kikao nako sio. Sikujua yote mawili yanaweza kua kweli kwa wakati mmoja. Akamuita dokta, akamuita baba mdogo, tukakaa sote dakika ishirini, kila siku ya Jumatatu tukawa tunakaa hivo. Dokta kijana akianza na kimombo chake mama anagonga meza na kalamu, "Kiswahili dokta." Na kiukweli alibadilika, kufika wiki ya tatu alikua anatufata mwenyewe benchi kutueleza, namuongezea nusu nyota.

Mama wa ustawi ndo alituombea bili tulipe kidogokidogo, ndo aliepiga simu shuleni, na ndo alieniambia niende nikafanye mtihani, uamuzi wowote utakaotakiwa mchana baba mdogo yupo na mimi sio mke wa baba wala sio mama yake. Nilimchukia siku hiyo. Nilienda. Karatasi ya Baiolojia nikakutana na swali la mfumo wa fahamu nikakaa naliangalia tu.

Baba katoka ICU siku ya 23, wodini wiki tano, nyumbani tangu kabla ya Krismasi kidogo. Anatembea na fimbo. Maneno mengine yanampotea, kijiko anasema kile cha kulia, mdogo wangu anamuita kwa jina langu na mimi kwa jina la shangazi. Kovu la kooni dogo kama sarafu. Besi bado inakwaruza, kwaya kamkalisha mwisho wa mstari, anafumba na kufumbua mdomo sehemu za juu anazoshindwa. Ameniuliza mara moja tu nani alisaini. Nikamwambia madaktari wawili.

Kwaiyo ukipeleka mtu pale, kwa mikono yao peleka, wala usisite. Ila usikubali kuongeleshwa umesimama koridoo, sema dokta naomba unieleze kwa Kiswahili alafu nirudie nilichoelewa. Kama wewe ni mdogo sema umri wako kabla hujashika kalamu, na waulize kama madaktari wanaweza kusaini dharura. Ustawi wa jamii wapo ghorofa ya chini, pita famasi, mlango wa pili hauna kibao. Wanafunga saa tisa na nusu. Ukifika tisa na dakika ishirini mlinzi atakwambia wameshafunga, usimsikilize, gonga.