Rimu za ET30 kwenye Forester: breki zimepita, beringi inalia

Assalamu alaikum watazamaji wangu, karibuni tena uani kwetu hapa Malindi. Kusi linavuma tangu alfajiri, kwa hivyo mkisikia mvumo kwenye sauti ni upepo, msiondoke. Nina rimu hapa zimeninyima usingizi wiki mbili, na leo nataka nizitoe rohoni.

Tazameni. Inchi 17, upana inchi 8, rangi ya shaba. Uzuri wake mnauona wenyewe, sina la kuongeza. Mpwa wangu, leta kamera huku nyuma ya rimu. Sogea, sogea. Hapo pameandikwa nini? ET30. Basi video yote ya leo ni namba hiyo.

Kabla sijalipa nilimuuliza muuzaji: Subaru Forester yangu imekuja na ET48, hii 30 itanifaa? Akanijibu, "Bosi, ET ikishuka ndiyo breki inapata nafasi. Wewe si umefunga kalipa kubwa? Dawa yako ndiyo hii." Kalipa ni kile kibanio cha breki kinachokaa nyuma ya rimu. Nikamuamini, nikatoa elfu sitini na tano. Na kinachoniuma ni kwamba hakunidanganya moja kwa moja. Alisema nusu ya kweli akaondoka na nusu nyingine.

Kwa aliye mgeni: piga mstari katikati kabisa ya upana wa rimu. Halafu pima kutoka mstari huo hadi kwenye uso unaokaa juu ya habu, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa. Hizo milimita ndizo ET, herufi za Kijerumani, Einpresstiefe. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani chini ya madigadi. Ikipungua, rimu inatoka nje. Mimi nimetoka 48 hadi 30, kwa hivyo katikati ya tairi pamesogea nje milimita 18. Na kwa sababu rimu ya zamani ilikuwa na upana wa inchi 6 na nusu, na hii ni 8, mdomo wa nje umetoka milimita 37. Ndiyo maana gari linaonekana limetanua miguu. Upande wa ndani haukubadilika hata milimita mbili.

Sasa breki. Hapa naomba mtulie, maana kipimo hiki nakipenda mno. Hizi kalipa ni za pistoni nne, zile Subaru waliziweka kwenye WRX, gari lao la kasi. Nachukua udongo wa kuchezea wa watoto, naubandika vipande juu ya kalipa, hapa mbele panapotazamana na mikono ya rimu, na hapa juu panapotazamana na pipa la rimu, yaani ule mduara unaobeba tairi. Napaka mafuta kidogo usigande. Nafunga rimu, nati zote tano, nazikaza kwa mkono na spana, gari likiwa juu ya jeki na stendi. Halafu nazungusha gurudumu polepole, mzunguko mzima. Sikilizeni. Kimya. Natoa rimu, nakata udongo kwa wembe, napima. Mbele, milimita 9. Juu, milimita 5. Nikipata 3 huwa naridhika, kwa hivyo hapa nimefurahi, sifichi.

Turudie na rimu yangu ya zamani ya inchi 16. Mpwa, ilete. Naifunga... mmesikia? Hata uso wa rimu haujaifikia habu. Mkono wa rimu umegota kwenye kalipa. Ukilazimisha nati hapo utapinda kitu au utavunja stadi, zile bolti za habu. Na angalieni jambo moja wengi hulisahau: vile vipande vya risasi vya balansi. Fundi wa tairi akivibandika ndani ya pipa mahali kalipa inapita, rimu iliyopita jana leo itakwaruza. Mwambieni avibandike mbali na hapo.

Kwa hivyo muuzaji alisema kweli? Subirini. WRX ya kiwandani, zile za miaka ya 2004 hadi 2007 zenye inchi 17, rimu zake ni ET53 na ET55. Hamsini na kitu! Juu kuliko yangu ya zamani. Na kuna zilizotoka na kalipa hizi hizi za pistoni nne nyuma ya rimu hizo, na hazigusi. Kwa nini? Kwa sababu mikono ya rimu imepindwa kwenda nje kabla haijashuka kwenye pipa. Nafasi ya kalipa inatokana na umbo la mkono na kipenyo cha ndani cha pipa. ET ndogo inasaidia, ndiyo, inasukuma mkono uende mbali na kalipa, lakini ni njia ya mkato, na malipo yake yanakwenda kwenye habu.

Haya, habu. Ndani yake mna beringi yenye safu mbili za gololi. Kiwanda kimepanga mzigo wa tairi ushuke karibu na katikati ya safu hizo, zigawane. Ukisogeza tairi nje, safu ya nje inabeba zaidi. Wavuvi wa hapa wataelewa haraka: ukisukuma kasia nje, sehemu kubwa ikawa nje ya mashua, kishwara, kile kitanzi kinachoshika kasia, ndicho kinacholia. Forester mbele inaweka kama kilo 400 kwa gurudumu moja. Mara milimita 18, ni sawa na kuchukua bomba la mita moja, ulifunge kwenye habu, uning'inize kilo 7 na kidogo mwishoni, mchana na usiku. Kona kali inaitesa beringi kuliko hivyo, lakini kona hupita. Huu mzigo haushuki. Na shimo likija, unazidishwa.

Nilikwenda nazo Gede na kurudi. Lami nzuri, gari tamu, limekaa chini kama limeshikwa. Nikashuka pembeni kumpisha matatu, gurudumu moja mchangani, jingine lamini, usukani ukanivuta kwa nguvu. Hiyo pia ni ET: tairi limekwenda mbali na mstari ambao usukani unazungukia. Njiani kurudi nikaanza kusikia mvumo mbele kushoto, nikikata kulia unaongezeka. Beringi. Siwezi kuitwika rimu lawama yote, beringi ile ina miaka yake na chumvi ya bahari hapa haina huruma. Lakini ilikuwa kimya kabla.

Na mnaonunua speisa, yale mabamba ya kuweka kati ya rimu na habu, mnaniandikia kila siku: speisa ya milimita 18 kwenye ET48 ni ET30. Hesabu ni ile ile, mzigo ule ule. Tena hakikisheni ina mdomo wa katikati unaokaa kwenye habu, Forester ni milimita 56.1, na nati za Toyota msizilazimishe kwenye stadi za Subaru, uzi ni tofauti, wa Toyota ni 1.5, wa Subaru ni 1.25.

Kuna chaneli za Nairobi zinaonyesha rimu zikiwa zimeegeshwa tu, muziki, mwanga, basi. Mimi nitazidi kuzifunga na kuzifungua mbele yenu. Wiki ijayo tunakwenda hadi Mokowe, gari tutaliacha huko tuvuke Lamu kwa boti, kwa hivyo lazima beringi ibadilishwe kabla.

Na rimu hizi? Umbo la mkono nalipenda, kwa kweli. Kipimo cha udongo kilibakisha milimita 9 mbele, mimi nahitaji 3. Maana yake rimu hii hii ingekuwa ET36 kalipa ingepita bado. Natafuta za WRX, za mtumba, ziwe na alama ya JWL, ile ya viwango vya rimu vya Japani. Anayeuza hapa Malindi au Watamu aandike hapo chini, aniambie upana, ET, na apige picha ya nyuma. Ya mbele sihitaji. Mpwa, shusha jeki, tuwahi duka la vipuri kabla hawajafunga.