Kipimo cha mRDT kwenye zahanati za Kigoma na Tabora: kaseti ni nzuri, tatizo ni nani anailinda

Kwa mtoto wa Kaliua au Kasulu anayechemka homa, mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ndiyo maabara nzima. Haitaki umeme, haitaki darubini, na muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuitumia peke yake: tone la damu, matone ya bafa (maji maalumu ya kipimo), robo saa, jibu. Kwa bei ya manunuzi ya jumla, kipimo kimoja hakifiki dola moja ya Marekani. Kama ni kutoa alama, kaseti yenyewe inapata nne na nusu kati ya tano. Mfumo unaohakikisha kaseti hiyo inasema kweli unapata mbili, na moja kati ya hizo umeipata kwa jasho la watumishi wa wilaya.

Tuanze na bidhaa. Ndani ya pakiti ya karatasi ya fedha kuna kaseti ya plastiki, kifuko cha silika cha kunyonya unyevu na, kwa aina nyingi, mrija mdogo wa kuchukulia damu. Bafa, lanseti na pamba ya spiriti huja pembeni kwenye boksi. Kaseti inatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum huitoa kwenye damu. Aina nyingine zina mstari wa ziada wa kunasa vimelea wa malaria wa jamii nyingine pia. Mkoani Kigoma na Tabora falciparum ndiye mwenye mji, kwa hiyo HRP2 ni chaguo la busara.

Kazi inaanza kabla ya kuchana pakiti. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Bonyeza pakiti kidogo: ikiwa na tundu, hewa inatoka, itupe. Ukifungua, tazama silika. Kwa aina zenye silika inayobadili rangi, rangi ikishageuka ujue unyevu umeingia, na kaseti hiyo haina faida hata kama tarehe inaruhusu. Andika jina la mgonjwa na saa kwenye plastiki kwa kalamu. Hatua hii ya kuandika saa ndiyo inayorukwa kuliko zote, hasa asubuhi ya kliniki benchi likiwa limejaa. Kaseti nane zikipangwa mezani bila majina, hakuna anayejua ya nani imefika dakika kumi na ya nani imefika arobaini.

Futa kidole kwa spiriti, kisha subiri kikauke. Spiriti ikichanganyika na damu inaiharibu. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, siyo katikati ambako panauma zaidi, na lanseti iende moja kwa moja kwenye sefti boksi. Damu inayotakiwa ni mikrolita 5, yaani hadi kwenye alama ya mrija, basi. Wengi hujaza kwa kudhani damu nyingi inaleta jibu la uhakika. Matokeo yake dirisha zima linabaki jekundu na mstari hafifu unamezwa. Damu huenda kwenye kitundu chake, bafa kwenye kitundu chake. Ukivibadilisha umeharibu kipimo.

Sasa bafa. Idadi ya matone inategemea mtengenezaji, na imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Shika chupa wima, maana ukiilaza tone linakuwa dogo. Bafa ya boksi moja isitumike kwa kaseti za kampuni nyingine, wala pasitumike maji ya bomba au dripu bafa inapoisha. Hapo pana kasoro halisi ya bidhaa: chupa moja ya bafa hutumika kwa kaseti nyingi, kwa hiyo mkono mzito ukimwaga matone ya ziada, chupa inaisha kaseti zikiwa bado zimebaki, na kishawishi cha kuazima kinaanza. Aina zenye bafa ya kipimo kimoja kimoja zinaondoa tatizo hili. Zina takataka zaidi, lakini zahanati ya kijijini zinaifaa zaidi.

Soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo ya boksi, kwa aina nyingi kuanzia dakika 15 au 20. Mstari wa T, ule wa kipimo chenyewe, ukionekana, hata uwe hafifu kama uzi wa buibui, ni malaria. Hakuna "chanya kidogo". Ukisoma mapema unakosa mistari hafifu, na ukichelewa hadi kaseti ikauke, unaweza kuona mstari usiokuwepo.

Mstari wa C, ule wa udhibiti, unaaminiwa kupita kiasi. Watu wengi huuchukua kama muhuri kwamba kipimo kimekwenda sawasawa. Kwa kweli unathibitisha jambo dogo tu: kwamba maji yamesafiri hadi mwisho wa karatasi na rangi imenaswa. Usipotokea, kipimo ni batili, rudia kwa kaseti nyingine. Lakini ukitokea, hauwezi kukuambia kama damu ilitosha, na kwa aina nyingi utajitokeza hata kama damu haikuwekwa kabisa.

Mipaka ya kipimo inajulikana vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukubali kipimo kinachonasa angalau asilimia 75 ya sampuli zenye vimelea 200 kwa kila mikrolita ya damu, huku makosa ya kusema "ndiyo" pasipo malaria yakiwa chini ya asilimia 10 na vipimo batili chini ya asilimia 5. Kwa mtoto mwenye homa kwenye mkoa wenye malaria nyingi, kiwango hicho kinatosha, kwani kwa kawaida vimelea wake ni wengi kuliko hapo. Kwa mjamzito ambaye vimelea wamejificha kwenye kondo la nyuma, kipimo kinaweza kuwakosa. Na HRP2 haitoki mwilini upesi: mgonjwa aliyemaliza dawa mseto akapona anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi. Ndiyo maana homa ikirudi wiki mbili baada ya dawa, jibu la kuaminika ni la darubini, ile BS ya zamani. Kurudia mRDT hapo ni kupoteza kaseti na, kibaya zaidi, kumpa mtu dawa ya malaria huku nimonia au homa ya matumbo ikiendelea.

Joto ni adui mwingine, na Tabora inalijua. Vipimo vingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 30, vingine hadi 40. Bohari ya Dawa ina kanda yake Tabora na ghala lake ni ghala kweli. Maboksi huharibikia mbele ya hapo, kwenye pikipiki juani na kwenye chumba cha zahanati chenye bati lisilo na dari, mwezi wa Oktoba, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Kaseti iliyopikwa hivyo haibadiliki kwa macho. Mstari wa C unaweza kuendelea kutokea, huku T ikizidi kuwa kipofu. Kipimajoto cha ukutani na daftari la kuandika joto mara mbili kwa siku ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyokosekana.

Hadi hapa ni lawama za kawaida, na dawa yake ni mafunzo na usimamizi shirikishi. Usimamizi huo una gharama: mafuta ya gari la wilaya, posho ya siku, karatasi za ukaguzi, mtaalamu wa maabara wa kurudia kusoma slaidi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo haikutoka Dodoma. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria, PMI, ulitangazwa mwaka 2005 na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tatu za kwanza, pamoja na Angola na Uganda. Ulinunua vipimo, dawa na vyandarua, na ukalipia pia kazi isiyopigwa picha: kwenda kuangalia kama vinatumika ipasavyo.

Hata takwimu zinazoitambulisha mikoa hii zimetoka kwenye kaseti hiyohiyo. Katika utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, watoto wa miezi 6 hadi 59 walitobolewa vidole nyumbani kwao, na Kigoma ikaongoza nchi kwa takriban asilimia 24 wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Tabora ilikuwa karibu asilimia 12. Utafiti wa mwaka 2022 ukaikuta Tabora kwenye asilimia 23, nafasi ya kwanza kitaifa, taifa zima likiwa asilimia 8. Anayepanga vyandarua bila kuijua namba hiyo ya pili angeendelea kuitazama Kigoma na kuipita Tabora ndani ya treni.

Utafiti wa mwaka 2022 ulifanyika kwa msaada wa mradi wa DHS, wa tafiti za afya na idadi ya watu, uliokuwa ukigharamiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, tangu mwaka 1984. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Februari mradi wa DHS ukasimama. Tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Vibali vya kuruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee vilikuja katikati, na dawa na vipimo vilikuwa na nafasi humo. Kuhesabu na kukagua hakuonekani kuokoa maisha ya mtu yeyote kwa wiki hii, kwa hiyo hukatwa kwanza. Maboksi yanaweza kuendelea kufika bila mtu wa kutumwa kuuliza yanasema nini.

Hatari ya hali hiyo si ya kufikirika. Kuna vimelea wa falciparum waliopoteza jeni ya HRP2. Mgonjwa anaumwa, kaseti inasema hana kitu, na muuguzi hana kosa. Eritrea ilibidi ibadili aina ya kipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Ushauri wa WHO ni kuachana na vipimo vya HRP2 pekee pale upungufu huo unaposababisha zaidi ya asilimia 5 ya majibu hasi ya uongo, na kurudia uchunguzi kila baada ya miaka miwili. Kwa Tanzania, sampuli zilizokusanywa vituo 100 kati ya Februari na Julai 2021 zilionyesha tatizo ni nadra, chini ya asilimia moja. Habari njema, lakini ni habari ya mwaka 2021. Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma, tayari umeonekana kuwa na mabadiliko ya jeni yaitwayo R561H, yanayohusishwa na vimelea kuchelewa kufa kwa dawa za artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Kasoro kama hizi hazionekani kwa macho ya mganga mfawidhi wa Kakonko. Zinaonekana kwenye maabara ya vinasaba, kwa fedha za utafiti.

Si fedha za nje tu zinazotia wasiwasi. Jibu la maabara nchini limewahi kugeuka kuwa kosa la aliyelitoa. Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza matokeo yaliyoonyesha dalili za virusi vya Zika kwenye damu za baadhi ya watu; ndani ya siku chache uteuzi wake ulitenguliwa. Kitaalamu palikuwa na hoja ya kujadili, kwa sababu vipimo vya kingamwili za Zika huchanganya na dengi. Hoja hiyo hujibiwa kwa kipimo cha pili. Mei 2020 Rais John Magufuli alisema papai na mbuzi vimeonekana na korona, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa, na takwimu za wagonjwa zikakoma kwenye 509. Hapo pia swali lilikuwa la kiufundi: sampuli za udhibiti, chanya na hasi, zilisomaje siku hiyo? Ndilo swali lilelile la mstari wa C.

Januari 2025 mambo yalikwenda tofauti kidogo. Wizara ilisema kwanza kwamba sampuli za Kagera hazina virusi vya Marburg. Tarehe 20, siku ileile Trump alipokuwa akisaini, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha mgonjwa mmoja. Machi 13 mlipuko ukatangazwa kwisha. Namba ilisemwa, na hakuna nchi iliyoanguka. Kwa hilo alama imeongezeka kutoka moja hadi mbili.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Abuja mwaka 2001 zikaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa Kigoma na Tabora orodha ya kuanzia ni fupi kuliko ahadi hizo: kipimajoto kila stoo, mafuta ya ukaguzi kila robo mwaka, slaidi za kurudia kusomwa, na sampuli za vinasaba kila miaka miwili. NIMR ina kituo Tabora, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzia Dar es Salaam.

Kwa anayekwenda kupimwa kesho: pakiti ichanwe mbele yako, jina lako na saa viandikwe kwenye kaseti. Ukiambiwa jibu kabla ya dakika 15, kaa kwenye benchi, ngoja zifike, kisha omba uoneshwe kaseti yenye jina lako. Kama umemaliza dawa mseto ndani ya wiki nne zilizopita, sema kabla hujatobolewa, uandikiwe BS.