TAHADHARI: Jamaa wa kuinua magari hapa Arusha kanifungia springi zangu mwenyewe, kazipaka rangi nyekundu

Jamani naandika hii bado mikono inatetemeka, na anayetaka kunicheka acheke ila asome mpaka mwisho. Ile Prado mliyoizunguka mkaipiga picha siku tulipochoma nyama, mkasema sasa imesimama, haina springi mpya hata moja. Hata moja! Nimetoa milioni 2 na laki 6, nimerudishiwa springi zilezile zilizokuja na gari, zimepakwa rangi, juu yake kimewekwa kipande cha chuma.

Niwaeleze siku yenyewe maana hainitoki kichwani. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, jamaa akanipokea vizuri, karibu kaka mkubwa, akavuta kiti, chai ya maziwa ikaja. Akaleta boksi jipya lina nembo ya ile kampuni ya springi na shokapu ya Australia mnayoijua wote, nailoni bado imekaza, akalichana na kisu mbele yangu. Akatoa shokapu, akaisimamisha chini, akaikandamiza kwa uzito wake wote halafu akaachia, ile fimbo ikapanda taratibu mpaka juu. Akaniambia umeona kaka, hii ni gesi, feki hairudi. Nikaamini. Nimekuja kuambiwa juzi kwamba shokapu yoyote ya gesi inarudi, hata ya bei ya chini kabisa, kile sio kipimo cha kitu chochote. Halafu akanipa springi niishike, nyekundu, nzito, ina karatasi ya namba imebandikwa. Nimeishika kwa mikono yangu miwili jamani, ndio maana mke wangu akiniuliza ulipigwaje nakosa cha kumjibu.

Basi akasema kazi ni ya masaa manne, hapa vumbi na kelele, nenda kale kaka nitakupigia. Nikaenda. Hapo ndipo nilipokwisha.

Niliporudi gari ilikuwa bado juu ya jeki, matairi yameshafungwa, ukichungulia ndani ya madigadi unaona wekundu unang'aa. Akaishusha, akanipa futi mimi mwenyewe nipime, na asubuhi tulikuwa tumepima pamoja na akaandika kwenye kikaratasi, kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi sentimita 50. Nikapima, 56. Nikarudia upande wa pili, 56. Tulikubaliana inchi 2, ambazo ni sentimita 5 tu, kwa hiyo nikaona nimepewa na nyongeza. Kumbe gari ikitoka kwenye jeki lazima ikae juu, matairi yamejivuta kwa ndani, mpaka uitembeze kidogo ndio inashuka pale inapostahili. Yeye analijua hilo, mimi sikulijua, na hela nikatuma palepale nikiwa nimeshika futi.

Na msiniambie nilikurupuka. Nilikaa miezi minne naulizia. Huyu mtu nilipewa na mwenzetu wa jumuiya ambaye naye aliona tu magari ya tour yamepaki pale uwanjani. Na alikuwa anaongea vitu vya kweli! Mimi nilitaka inchi 4, akanikatalia, akasema kaka Prado 120 mbele haina ekseli nzima kama ya Land Cruiser 79, kila tairi lina mikono yake ya chuma inayolishikilia, ukiipandisha sana sivi jointi, zile zinazozungusha matairi ya mbele, zinakaa kwa pembe mbaya utazila kila mwezi, ishia inchi 2. Hiyo ni kweli kabisa. Akaniuliza nabeba nini nyuma, friji, maji lita ngapi, keria ya juu, kwa sababu springi inachaguliwa kwa uzito unaobeba kila siku na sio kwa urefu peke yake. Hiyo nayo ni kweli. Sasa tapeli gani anakataa kukuuzia kitu cha bei kubwa zaidi? Nikasema huyu ni mkweli. Alijifunza ukweli ili autumie kuiba.

Ya safari ya Ziwa Natron wengi mlikuwepo sitayarudia. Ila ile ta! ta! ta! mliyoisikia kabla ya Engaruka kila tairi likiingia kwenye shimo, mkasema ni mzigo, haikuwa mzigo. Kile chuma kimewekwa juu ya shokapu na springi, kinaisukuma yote chini, kwa hiyo tairi likidondoka mikono inashuka kupita kiwango chake inagonga, safari nzima inagonga. Na nyuma tulipokuwa tunagota watoto wanarushwa mpaka darini, zile "springi za heavi" nilizolipia hazipo, kuna mipira ya kuinulia imechomekwa chini ya springi za zamani. Nilikuwa na watoto watatu kwenye ile gari, wawili sio wangu.

Aliyenifumbua ni fundi wa alaimenti, wa kupima na kunyoosha matairi. Nilimpelekea kwa sababu usukani ulikuwa unatangatanga na tairi za mbele zinaliwa kwa ndani. Akasema kasta, ule mlalo unaofanya usukani ujinyooshe, imepotea, gari ikiinuliwa lazima ipimwe upya, nani amekuruhusu utoke bila kupima? Akaingia chini, akaniita, buti la sivi jointi kushoto limepasuka grisi imetapakaa kote, shokapu ya kulia inavuja mafuta na haina hata miezi miwili. Halafu akachukua bisibisi akakwangua springi. Rangi nyekundu ikabanduka kama ganda, chini nyeusi, na kwenye weusi ile mistari ya rangi ya kiwandani ambayo Toyota wanaweka kutofautisha springi. Nilikaa chini palepale kwenye oili. Nikamuuliza sasa mbona imepanda, akanionyesha chuma kina kama sentimita 3, akasema shokapu inakaa katikati ya mkono, tairi liko mwisho wa mkono, ukisukuma 3 hapa kule zinatokea nyingi zaidi. Kitu cha kuchonga kwa welda!

Nimempigia, mara ya kwanza akasema kaka gari za zamani zina mambo yake, sasa kaniblok. Nimeenda pale, mwenye uwanja anasema yule alikuwa anakodi nafasi kwa siku. Na watu wamemuona bado anaposti status za magari ya Jimny!

Huyu mtu afungwe. Sio arudishe hela, afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kifungu cha 302 Kanuni ya Adhabu ni mpaka miaka saba na mimi nataka yote saba. Na yale maboksi yenye nembo ya watu nayapeleka FCC, Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Springi nimezitoa, nimezitia kwenye kiroba, Jumatatu naingia nazo kituoni. Mtu anachezea usukani wa gari yenye watoto, angekuwa amenikaba njiani ningemwelewa zaidi.

Dalili zilikuwepo. Alifungua boksi moja tu kati ya manne. Risiti ya mashine hakunipa, alisema ukiitaka ongeza asilimia 18. Hakutaja alaimenti kabisa. Na springi za zamani nilipoziulizia akasema vijana wameshazipeleka skrepa, na mimi nikanyamaza, springi zangu! Ukifunga springi kwa mtu yeyote kaa hapohapo hata vumbi likujaze, na za zamani uondoke nazo kwenye buti.

Baba Ivan, wewe namba yake nilikupa mimi na najua umeshamtumia laki 8 ya advansi kwa ajili ya Hilux. Nimekupigia tangu jana hupokei. Jumamosi usipeleke gari, niambie kwanza, hiyo laki 8 tutaitafuta wote.