Kitako cha Winchester Mikononi mwa Seremala wa Bondeni, Nakuru

Bunduki yenyewe ni Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Browning, ile ambayo risasi huingizwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya triga. Niliinunua kwa mkulima mmoja wa Njoro kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni, na kibali kilichukua muda mrefu kuliko ukarabati wote. Iliundwa kabla ya 1964, mwaka ambao kiwanda kilibadilisha muundo ili kupunguza gharama, ndiyo maana wapenzi wa silaha hizi huzithamini zaidi zile za awali. Chuma kilikuwa kizima. Kilichoniuma ni kitako, ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, ambacho mtu alikuwa amekipaka vanishi nzito, nacho kilikuwa kimebonyea mahali patatu.

Seremala si fundi wa silaha, wala bunduki haikupaswa kufika kwake. Kitako cha Model 1894 hushikiliwa na skrubu moja ndefu nyuma ya nyundo, kile kipande kinachoruka mbele triga inapovutwa. Nilikifungua nyumbani, bunduki nikaifungia kwenye kasha la chuma, nikampelekea seremala mbao peke yake.

Nilidhani angeanza na msasa. Badala yake alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaniambia, “Mzee, kingo hizi zilichongwa zilingane na chuma. Nikizipiga msasa zitashuka, na hazitapanda tena.” Vanishi aliiondoa kwa kemikali na kitambaa. Palipobonyea aliweka kitambaa chenye maji, akagusisha pasi ya moto, mvuke ukazivimbisha nyuzi za mjozi, mti uliotoa mbao hiyo, hadi sehemu mbili zikanyanyuka kabisa. Ya tatu imebaki kama kovu, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimekatika, na nafurahi kwamba hakuijaza lipu ya mbao.

Lawama ninayo. Mafuta ya kitani aliyapaka kwa wingi mno, wiki nzima kitako kikabaki kinanata, na ahadi ya siku saba ikawa siku ishirini na tano bila simu hata moja. Nilipokirudisha alikifuta kwa tapentaini, akapaka upya kwa ncha za vidole, tabaka jembamba baada ya jingine, bila kuniongezea hata shilingi juu ya zile 4,500 tulizopatana.

Skrubu ilirudi mahali pake bila kulazimishwa, na mbao imekutana na chuma sawasawa. Mwezi ujao nitampelekea mbao ya mbele, ile ya chini ya mtutu.