Nilipima SUV nne za kifahari kwa mkono wa Bibi

Nina miaka 17 nikiendesha watu. Katika kazi hii kuna kipimo kimoja ambacho hutakikuta kwenye kijitabu cha gari lolote, nacho ni kile kishikio cha juu ya mlango wa nyuma. Abiria akiwa na raha, mikono yake iko mapajani au kwenye simu. Raha ikipungua, mkono mmoja hupanda wenyewe, bila yeye kujua, ukakamata kishikio. Mimi nautazama kwenye kioo. Mkono ukipanda, napunguza mwendo. Ukipanda na mwendo ni mdogo, basi kosa ni la gari.

Bosi wangu alipoamua kubadilisha gari alitaka tuyajaribu pamoja. Yeye hukaa nyuma siku tano za wiki, mwisho wa wiki anaendesha mwenyewe. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi, alifanyiwa upasuaji wa nyonga na safari nyingi yumo. Kwa hiyo gari lilitakiwa kuwaridhisha watu wawili wasiotaka kitu kimoja: mwana anataka lichomoke, mama anataka lisimtikise.

"Endesha kama kawaida yako," Bosi aliniambia siku ya kwanza. "Usilibembeleze."

"Sawa, Bosi."

"Na mimi je?" Bibi akauliza kutoka nyuma. "Mimi nibembelezwe, mwanangu."

Tulijaribu manne: BMW X5 xDrive40i, Mercedes-Benz GLE 450, Porsche Cayenne ya V6 na Lexus RX 350h. Njia ilikuwa ile ile kwa kila gari: lami nzuri, kipande chenye viraka, matuta sita, mteremko wa kona nyingi, na kilomita chache za changarawe yenye makunyanzi. Bibi kiti kile kile, nyuma kushoto.

Somo kubwa nililipata kabla hata hatujafika kwenye kona. Gari mojawapo, ambalo silitaji kwa sababu kosa halikuwa lake, lilikuja limevaa rimu za inchi 22. Lilipendeza, sikatai. Bosi alilizunguka mara mbili akilipiga picha. Tuta la kwanza, mkono wa Bibi ukapanda. Kwenye viraka ukabaki huko huko, na mimi nikisikia kila kiraka kwenye mgongo wangu kama mtu anayegonga mlango kwa ufunguo. Tukaomba gari hilo hilo, injini ile ile, viti vile vile, ila rimu za inchi 20. Wiki iliyofuata likaja. Mkono wa Bibi haukupanda mpaka tulipoingia kwenye changarawe. Aliniuliza kama hilo ni toleo la bei juu zaidi.

Maelezo yake yameandikwa ubavuni mwa tairi, na hesabu yake ni ya darasa la tano. Ukisoma 275/45 R20, upana wa tairi ni milimita 275, na kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani karibu milimita 124. Sasa chukua 275/35 R22: ubavu ni milimita 96. Umepoteza karibu sentimita 3 za mpira na hewa katika kila kona ya gari, na hizo ndizo zinazomeza jiwe kabla springi haijajua kama kuna jiwe. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi ukishaanza kurukaruka shokapu inapata kazi ya kuutuliza. Kama tairi ni zile zinazoweza kutembea zikiwa hazina upepo, ubavu wake umekazwa makusudi ili ubebe gari, na ugumu huo unausikia kila siku, hata siku ambazo hukupata pancha. Muulize muuzaji ni zipi zimefungwa kabla hujakaa kwenye usukani. Wengi hawajui, wanainama kusoma pamoja na wewe.

Hapo ndipo nilipoona watu wanaochagua injini kwanza wanaanzia mwisho. Bosi alikuwa na karatasi yake ya takwimu. X5 nguvu ya farasi 381, kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa sekunde 5.4. GLE 450 farasi 381, sekunde 5.6. Cayenne farasi 353, sekunde 6.0. RX 350h iko nyuma, karibu sekunde 8. Nikamuuliza Bosi, kwa heshima, kama anaweza kutofautisha sekunde 5.4 na 5.6 bila saa mkononi. Akacheka. Magari haya matatu ya kwanza yana nguvu kuliko anayoweza kuitumia mtu aliyembeba mama yake.

Mimi napima nguvu mahali pengine: niko kilomita 80, mbele kuna lori, nafasi imefunguka. Nikikanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza au linakwenda? X5 inakwenda. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, mpangilio ambao kwa maumbile yake hujisawazisha, mtikiso wa pistoni moja ukifutwa na wa nyingine, na gia nane zinabadilika bila kumwamsha mtu. GLE nayo ni sita za mstari, yenye gia tisa. Pale ukikanyaga ghafla hushuka gia kadhaa kwa mpigo, nikajifunza kukanyaga mapema na kwa upole. Lexus ni habari nyingine. Kwenye tambarare ni tulivu mno, ila mlimani mlio wa injini unapanda na kubaki juu, kwa kuwa hiyo haibadilishi gia kama tulivyozoea. Bibi hakuujali. Bosi aliujali sana.

Sasa kona. SUV ya tani 2 na zaidi, iliyo ndefu kwenda juu, inataka kulala kila unapokata usukani. Dawa ya zamani ni kuweka stabilaiza ngumu, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi la kushoto na la kulia. Kwenye kona inasaidia. Lakini ukiwa umenyoosha, tairi moja ikipanda kiraka fimbo inamvuta na mwenzake, bodi inayumba kushoto kulia, na vichwa vya walioko nyuma vinatingishika kama vya watu wanaokataa jambo. Dereva huoni, maana umeshika usukani na kiti chako kimekukumbatia. Aliye nyuma ndiye anayelipa. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya magari ya aina hii yanaweza kuagizwa na stabilaiza za umeme wa volti 48, ambazo hulegea ukinyoosha na kukaza ukiingia kona. GLE inakwenda mbele zaidi: ukitaka, ina mfumo unaoitwa E-Active Body Control, ambao unaongoza kila tairi peke yake, kamera ikisoma barabara mbele, na kwenye kona gari linaegemea ndani kama mwendesha pikipiki. Tulionyeshwa. Bosi alishangilia. Bibi alisema gari linamwinamia kama mtu anayetaka kumnong'oneza.

Jambo ambalo watu hulikosea ni kudhani ulaini ndiyo raha. Miaka ya nyuma niliwahi kuendesha gari moja laini mno, lilipita juu ya matuta kama mtumbwi. Baada ya nusu saa ya kona, Bibi huyu huyu alishuka akiomba maji na kitambaa. Wahandisi wanasema mwili wa binadamu uliokaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ila kinachochafua tumbo ni bembea ya polepole. Gari zuri linapigana vita viwili kwa wakati mmoja: linameza vijiwe, na papo hapo linakataa kuelea. Hapo uwezo wa barabarani na raha ya abiria vinakuwa kitu kimoja, kwa sababu bodi iliyotulia ndiyo inayopita kona vizuri na ndiyo hiyo hiyo inayomwacha mtu asome.

Kwa hilo Cayenne ilinivua kofia. Kabla ya siku hiyo ningekuambia Porsche ni gari la mtu asiye na abiria. Tangu marekebisho ya 2023, shokapu zake zina vali mbili: moja inashughulikia kubonyea, nyingine inashughulikia kurudi. Lugha ya kawaida: gari linaweza kulegea tairi likipanda tuta na bado likakaza wakati wa kushuka, lisirushe matako ya watu hewani. Niliendesha mteremko wote kwa mwendo ambao kwenye gari letu la zamani nisingethubutu, nikatazama kioo. Mkono ulikuwa mapajani. Usukani wake unakuambia tairi la mbele liko wapi kana kwamba umelishika kwa vidole. Bosi alipochukua zamu yake hakutaka kuturudisha.

Lakini kuna kipimo kingine kisichosemwa, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. GLE ina sentimita 299.5, X5 297.5, Cayenne 289.5, RX 285. Gari likiwa fupi, pua hupanda tuta na mkia unafuata haraka, abiria anapiga kichwa mbele na nyuma kama anayesalimia. Likiwa refu, kuna pumzi kati ya pigo la kwanza na la pili. Na miguu inapata nafasi. Bosi ni mrefu, na nyuma kwenye GLE alikunja nne akafungua kompyuta yake akaandika barua nzima. Kwenye mengine alisoma tu.

RX niiongelee kwa haki yake. Haina springi za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, ina za chuma kama magari mengi. Hata hivyo, ile yenye tairi 235/60 R19, ubavu wa milimita 141, ilipita kwenye viraka kwa upole uliomfanya Bibi aulize tena bei. Kwa anayeendesha mjini, asiyependa kukimbia, na anayetaka vitu vichache vya kuharibika, mimi ningemwambia aanzie hapo. Si gari la Bosi wangu, basi.

Springi za hewa nazo zina maneno yake. Raha yake haina ubishi: kimo cha gari hakibadiliki hata ukijaza mizigo, na gari linaweza kushuka kumpokea mtu. Kwa mwenye nyonga ya chuma hilo ni kubwa kuliko farasi wote. X5 yenye springi za hewa hushuka kwa milimita 40. Bibi aliingia kwa makalio kwanza, kama anavyoketi kwenye kiti cha sebuleni, bila kunishika bega. Lakini ule mpira ni mpira. Gari moja nililowahi kulitunza, nalo silitaji, lilikuwa na ufa mdogo kwenye mfuko wa nyuma kulia. Usiku hewa inatoka, asubuhi nalikuta limelalia kona moja kama ng'ombe aliyechoka. Nikiwasha, kompresa inanguruma, linainuka. Nikasema kesho, nikasema wiki ijayo. Kompresa ikafanya kazi ya ziada hadi ikaungua, na kitu kimoja cha kubadilisha kikawa viwili. Ukinunua lililotumika, lifikie asubuhi kabla mwenye nalo hajaliwasha. Chuchumaa, pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na upinde wa bodi, pande zote nne. Kama anakuambia uje mchana, jiulize kwa nini mchana.

Uamuzi ulichukua chakula cha jioni kimoja, naambiwa, mimi sikuwepo. Bosi alitaka Cayenne. Mkewe alisema X5, kwa sababu ndiyo pekee ambayo yeye na Bosi wote waliendesha bila kugombana, na kweli mtu akinibana nitaje moja inayofanya yote, ningesema hiyo. Bibi hakutaja gari. Alisema anataka lile ambalo alilala.

Lile alilolala ni GLE. Nakumbuka ilikuwa kwenye kipande cha viraka, kioo kikanionyesha mdomo wazi na hereni moja ikicheza taratibu, mkono umeangukia kwenye mkoba. Wameagiza ya springi za hewa za kawaida, bila ule mfumo wa kuinama, rimu za inchi 20 zenye tairi 275/50.

Limefika mwezi uliopita. Jana Bosi kanionyesha kwenye simu picha ya rimu za inchi 22, nyeusi, akaniuliza kama zitaingia. Zitaingia, Bosi. Nimemwomba tu amwonyeshe mama yake kwanza.